Njia ya Miguu na Mkondo wa Maji

Tangu nilipohamia Dar es Salaam mwaka 1974 nimeishi chini ya mipango mikuu mitatu ya mji huu, na sikupata kuuona hata mmoja kwa macho mpaka nilipokwisha kustaafu. Nilipofika, uliokuwa ukifuatwa ni ule wa 1968. Nikiwa mwalimu kijana ukaja wa 1979. Nikiwa mzee wa kukaa barazani ukaja huu wa 2016 hadi 2036. Katika miaka hiyo yote nilioa, nilijenga, nilichimba shimo la choo, nilivuta bomba la maji. Na mahali pa kufanyia kila jambo palikuwa pamekwisha kuamuliwa, au kukatazwa, katika kitabu kilichofungiwa kabatini kwa watu wengine.

Kwa mkazi wa kawaida mpango wa mji si kitabu. Ni alama ya X nyekundu ukutani. Ni kijana mwenye darubini ya kupimia, iliyosimama juu ya miguu mitatu, anayefika asubuhi, akachungulia, akaandika, akaondoka bila kumwambia mtu lolote. Ni jiwe la mpaka ambalo watoto hulikalia wakicheza, wala baba zao hawajui linasema nini. Ndiyo maana mtu akitamka neno "mpango", wengi wetu huuliza kwanza: "Wanabomoa wapi?"

Nilifundisha jiografia kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo ramani hazinitishi. Lakini ni miaka ya karibuni tu nimeanza kuamini jambo ambalo sikumfundisha mwanafunzi yeyote: kwamba barabara, njia ya miguu na maji si mambo matatu. Ni jambo moja. Mji ukiyapanga mbalimbali, huja kuyalipia kwa pamoja.

Tuanze na historia kidogo. Mwaka 1949 kampuni ya Kiingereza ya Alexander Gibb iliiandalia Dar es Salaam mpango mkuu. Mji uligawanywa kwa kipimo cha msongamano wa nyumba: pa nafasi kubwa, pa wastani, na pa kubanana. Maneno yalikuwa ya kitaalamu, lakini kila mtu alijua maana yake. Pa nafasi kubwa ni Uzunguni, pa wastani ni Uhindini, pa kubanana ni Uswahilini. Katikati yaliachwa maeneo wazi, yakiwemo mabonde ya vijito, ili yawe njia za upepo wa kuupoza mji. Upepo huo ulikuwa na kazi ya pili: kuwatenga watu.

Uhuru ulipokuja tulikataa kutengwa, na tulifanya vema. Lakini nadhani tulipoitupa ile sababu mbaya tuliisahau na sababu njema iliyojificha nyuma yake. Bonde lilistahili kuachwa wazi kwa kuwa ni nyumba ya maji. Mipango iliyofuata, wa 1968 na wa 1979, yote miwili ikiandaliwa na kampuni za Kanada, iliendelea kuyaacha mabonde wazi katika karatasi. Katika ardhi, mambo yalikwenda kwa njia nyingine.

Mpango wa 1979 ulikusudiwa kufika 1999. Baada ya hapo, mpaka kufika mwaka ambao mpango wa sasa unaanza kuhesabiwa, ni miaka kumi na saba. Mpango ukilala, mji haulali. Sensa ya 1978 ilihesabu katika mkoa wetu watu 843,000 na zaidi kidogo. Ile ya 2002 ilihesabu karibu milioni 2.5. Ile ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hawa wote walilala mahali, walipita mahali, walichota maji mahali. Kwa kuwa hawakupangiwa, walijipangia.

Chukua mfano wa usafiri. Nilipofika mjini, shirika la UDA ndilo kwanza lilikuwa linaanza, mwaka huo huo wa 1974. Miaka tisa baadaye mabasi yalikuwa hayatoshi kabisa, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, yakaitwa daladala kwa jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano, "dala". Watu ndio waliofanya vituo viwe vituo, kwa kusimama pale. Mahali penye kivuli cha mwembe pakawa "Mwembeni", mahali penye duka la mtu pakaitwa kwa jina lake. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwezi Mei 2016, kwa kilometa kama 21 za mwanzo, yalifuata barabara zile zile ambazo daladala walikwisha kuonyesha kwamba ndiko watu waliko.

Nyuma ya barabara kuna jambo dogo ambalo halitajwi. Kutoka mlangoni kwangu, upande wa Kinondoni, mpaka kituoni ni mwendo wa dakika kumi na moja kwa miguu. Njia inapita nyuma ya msikiti, inabana kati ya kuta mbili mpaka mabega yanagusa pande zote, inavuka mtaro juu ya ubao, inapanda kidogo, inatokea kwenye saluni, ndipo unaiona lami. Hakuna aliyeichora. Ilifanywa na nyayo za watu waliokuwa wakienda kazini. Katika ramani ya usafiri niliyoonyeshwa, safari yangu inaanza kituoni. Zile dakika kumi na moja ni karatasi nyeupe.

Na katika karatasi hiyo nyeupe ndimo yalimo maji. Bomba la mtaa wetu limelazwa ndani ya kijia hicho hicho, futi moja tu chini ya ardhi, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kulipitisha. Bomba likikauka, vijana wa mikokoteni wanapita hapo hapo na madumu yao ya lita 20. Mvua ikinyesha, maji ya mvua nayo yanapita hapo hapo, maana hayakuachiwa mlango mwingine. Kijia kimoja chenye upana wa hatua mbili kinabeba mwenda kazini, mtoto wa shule, maji safi, maji machafu, na jeneza inapofika siku yake. Mtaalamu wa barabara hakioni kwa kuwa si barabara. Mtaalamu wa maji hakioni kwa kuwa si mto. Mtaa mzima unaishi kwacho.

Maji yenyewe yanatoka mbali. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji huu inatoka katika mto mmoja, Ruvu, kwenye mitambo miwili: Ruvu Juu uliojengwa 1959 na Ruvu Chini uliojengwa 1976. Yote miwili imepanuliwa, mmoja ufikie meta za ujazo 196,000 kwa siku na mwingine 270,000. Ni kazi kubwa na ya kushukuriwa. Lakini mitambo miwili juu ya mto mmoja ni sawa na mitungi miwili chini ya dari moja linalovuja: dari likikauka, yote inakauka. Mwishoni mwa 2021 mvua zilichelewa, Ruvu likapungua, tukaingia katika mgao. Siku zile bei ya dumu ilikuwa ikiulizwa asubuhi kama watu waulizavyo hali ya mgonjwa. Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, linajengwa kwa ajili hiyo, liweke akiba ya meta za ujazo milioni 190 ili mto usife wakati wa kiangazi. Maji hayo yakifika, yatafika mtaani kwetu kwa kupitia kile kijia.

Labda msomaji ataniambia kwamba haya ni mambo madogo ya mtaa mmoja. Basi tutazame kubwa. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza mji, unaingia baharini karibu na daraja la Selander. Pale Jangwani, bondeni kabisa, ndipo ilipojengwa karakana ya mabasi yaendayo haraka. Sina shaka kwamba waliopanga usafiri walikuwa na sababu zao: ni katikati ya mji, ni karibu na Kariakoo, palikuwa na nafasi. Lakini nafasi ile ilikuwa wazi kwa sababu. Mafuriko ya Aprili 2018 yaliyaingilia mabasi humo humo ndani, na mara nyingi mvua ikizidi Barabara ya Morogoro imefungwa pale, mji ukakatika vipande viwili. Karatasi ya usafiri na karatasi ya maji hazikuwekwa juu ya meza moja.

Mimi nina sababu yangu ya kulijua bonde hilo. Dada yangu mkubwa aliishi humo miaka thelathini.

Usiku wa Desemba 2011, katika mvua ambazo zilielezwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954, maji yalimkuta kitandani. Aliokoa mambo mawili: kisanduku cha karatasi zake na cherehani. Kisanduku alikibeba mwenyewe kichwani, cherehani ilibebwa na mpangaji wake. Kulipokucha walikuwa juu ya bati la jirani. Mji ulizika watu zaidi ya 40 wiki ile. Baadhi ya majirani zake walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini ya mbali ya mji. Baada ya muda nikaanza kuwaona wengine wamerudi, wamepanga vyumba hatua chache kutoka walikofukuzwa na maji.

Wakati huo watu wengi walisema kwamba watu wa bondeni ni wabishi, hawasikii. Mimi nilikwenda kwa dada na hoja zangu zote za jiografia. Nilimchorea kwa kidole mchangani jinsi mto unavyotanuka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, maana aliniheshimu kwa ualimu wangu, kisha akasema:

"Mdogo wangu, mto umenijia usiku mmoja. Siku nyingine zote nani ananilisha? Mimi kutoka hapa natembea kwa miguu mpaka Kariakoo. Nanunua vitambaa vyangu, narudi, nauli sijatoa. Wewe nionyeshe mahali pakavu ambapo naweza kwenda Kariakoo kwa miguu, nami nitahama leo."

Sikuwa na mahali hapo pa kumwonyesha. Tangu siku ile nimeyafikiri maneno yake kuliko vitabu vingi. Nilikuwa nimedhani kwamba watu hujenga bondeni kwa kutoyajua maji. Dada yangu aliyajua maji kuliko mimi. Alijua mpaka sauti yake yanapoanza kupanda. Alikaa pale kwa sababu ya njia ya miguu. Umaskini wa nauli ndio uliompeleka katika njia ya mto. Basi anayetaka kuwatoa watu kwenye mafuriko asianze na mto peke yake. Aanze na safari ya kwenda kazini.

Hivi sasa bonde lile linapangwa upya. Mwaka 2018 yalifanyika majadiliano marefu kati ya wataalamu, serikali na wakazi, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo: daraja refu jipya pale Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi, kuupa mto nafasi yake, na kufanya bustani kubwa mahali palipokuwa na nyumba, wenye nyumba wakilipwa fidia. Naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Safari hii usafiri na maji vimewekwa meza moja.

Dada naye alilipwa, akahama. Amejenga upande wa Chanika, vyumba viwili na ukumbi, mahali pakavu, penye mihogo. Maji ananunua katika kisima cha jirani. Kwenda Kariakoo anapanda magari mawili, akiondoka kabla ya adhana ya alfajiri ili apate kiti. Siku hizi haendi kila siku. Nilipomtembelea na kumuuliza kama anafurahi, alicheka kidogo akasema, "Maji yako mbali nami sasa. Na watu pia." Halafu akanikaribisha chai.

Sisemi kwamba angebaki kule. Laiti angebaki, pengine leo ningekuwa namzungumza kwa marehemu. Nasema tu kwamba hesabu ya kumwokoa haijaisha. Mpango uliomtoa kwenye mto una deni la kumfikisha sokoni, na la kumpelekea bomba. Ukiishia kwenye fidia, umemhamisha kutoka shida moja ukamtia katika nyingine yenye udongo mkavu.

Nilikuwa na mawazo haya kichwani nilipoitwa, pamoja na wazee wengine, kwenye mkutano wa mtaa wetu. Tulitakiwa kutoa maoni juu ya barabara, njia na maji ya mtaa ili yapelekwe juu. Shauri lililotushika siku nzima lilikuwa lile lile la kijia chetu: kipanuliwe kiwe barabara ya magari, au kiachwe?

Nilisimama kwanza, nikasema kiachwe. Nilieleza kwamba wanaopita pale ni waenda kwa miguu, kwamba tukiingiza magari tutavunja nyumba na tutakata bomba. Watu walinipigia makofi. Kisha akasimama jirani yangu mmoja, fundi seremala, mtu asiyezoea kusema mikutanoni. Alisema, "Mwalimu, shikamoo. Maneno yako ni mazuri. Lakini mkwe wangu alipopatwa na uchungu usiku, tulimbeba kwenye kiti cha plastiki kupitia njia hiyo. Pale kwenye kuta mbili ilibidi tuugeuze mwili wake upande. Mtoto tulimpata. Ila nataka uniambie, mwakani akipatwa tena, tumbebe vipi?"

Baraza lilinyamaza. Makofi yangu yaliishia hapo.

Akasimama mzee mwingine, ambaye baraza la nyumba yake limeingia njiani. Alisema alilijenga kwa pesa ya pamba, akiwa kijana, na ndilo alipokaa na marehemu mkewe kila jioni. Mwenye kutaka kulivunja aanze na yeye. Hakuna aliyemcheka. Wote tulilijua baraza lile, na wengi tulikwisha kunywa kahawa pale.

Nilikumbuka kwamba jirani zetu wa Hana Nasif walikwisha kupita katika mtihani huu katika miaka ya 1990. Makazi yao, yaliyo ukingoni mwa bonde lile lile, yaliboreshwa kwa wakazi wenyewe kuchimba mitaro ya maji ya mvua na kutengeneza njia, wakilipwa kwa kazi yao na kuchangia sehemu yao. Walitengeneza njia na mtaro kwa wakati mmoja, kwa sababu aliyeshika jembe huona wazi kwamba njia isiyo na mtaro ni mtaro.

Basi nikaomba kamba. Tulitoka wote ukumbini, wazee, vijana na akina mama, tukaenda kupima. Tuligundua kwamba swali tulilokuwa tukibishania halikuwa sahihi. Hatukuhitaji barabara ya gari. Tulihitaji njia ambayo bajaji inaweza kupita, maana bajaji humbeba mgonjwa, hubeba mzazi, hubeba madumu, na haitaki nyumba nzima ivunjwe. Kuifikia nafasi hiyo, kila nyumba ilitakiwa itoe kiasi: hapa nusu meta ya ukuta, pale ngazi moja, pale karo la kufulia. Upande wa chini ungekaa mtaro uliofunikwa kwa zege, upande wa juu bomba, lizikwe kwa kina kinachostahili. Tuliandika kila nyumba na kipimo chake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nyumba nyingi zilikubali. Mbili zilikataa, mojawapo ikiwa ya yule mzee. Karatasi yetu ilipelekwa juu ikiwa na majina ya waliokubali na wasiokubali, kama ilivyostahili.

Mwaka 2036, mpango huu unapokwisha, mimi nitakuwa na miaka zaidi ya themanini, Mungu akipenda. Miji mingine itakuwa imeandaa vitabu vipya, na sisi pia. Kama mtu mwenye darubini atakuwa tayari kusimama kwenye kivuli dakika mbili, ningemwomba aulize kila nyumba maswali matatu tu. Safari yako ya asubuhi inaanzia mlango gani? Maji yakishapita kwako yanakwenda kwa nani? Na ili wote wapite, nani anatoa ile nusu meta, naye anapewa nini? Atakayeyajibu hayo atakuwa amekwisha kuupanga mji nusu, kabla hajafungua ramani.

Kamba tuliyopimia iko kwangu, imetundikwa nyuma ya mlango. Jioni huwa nakwenda kukaa na yule mzee barazani kwake. Tunazungumza habari za mpira, za bei ya mchele, za wajukuu. Juu ya baraza bado hatujasema neno. Lakini juzi, bajaji moja ilipojaribu kuingia ikakwama pale kwenye ngazi zake ikiwa na mama mwenye mtoto mchanga, aliinuka mwenyewe, akashika upande mmoja, nami nikashika mwingine, tukainyanyua.